Jina Nililoliita Kwenye Mitiki

Mama mkwe wangu alikuwa na jina zuri, na sitaliandika hapa. Amekwisha kufa miaka mingi, mume wangu naye amemfuata, hakuna aliyebaki wa kunikemea, lakini kila nikitaka kuliandika mkono unasita. Kwetu kusini mke hamtaji mama wa mumewe kwa jina. Unamwita Mama, basi, na ukiwa na watu wengine unasema "mzee wa nyumbani" na wote wanajua unamsema nani. Shangazi yangu aliyenifunda kabla ya ndoa aliniambia kwamba ukimtaja mkweo, mtoto uliyenaye mgongoni hukataa ziwa, hukonda, na mwisho unamzika. Alinieleza hayo huku akipeta mtama, kwa sauti ile ile ya kunikumbusha nisisahau chumvi kwenye mboga.

Nami nilikuwa mwoga. Nasema wazi, kwa sababu wanangu hupenda kuwasimulia watu kwamba mama yao alikuwa jasiri. Niliogopa radi, niliogopa siafu, na meli iliyotuleta kutoka Lindi niliiogopa mpaka nikafumba macho karibu njia nzima, mume wangu akawa ananiongoza kama kipofu. Shangazi hakuwa na haja ya kunitisha mara mbili.

Tulikuwa tunakaa nje ya Temeke, mbali, upande wa kuelekea vilima vya Pugu, mahali ambapo minazi na mikorosho ya wenyeji ilikuwa inakwisha na msitu unaanza. Ilikuwa baada ya vita vya pili vya Wazungu. Waingereza ndio waliokuwa wakitawala, mji ulikuwa unataka mbao, na mume wangu alipata kibarua kwenye miti ya serikali. Mkubwa wao alikuwa Mwingereza ambaye sote tulimwita Bwana Miti. Mie nilimwona kwa mbali tu, kofia na miguu myekundu.

Nilipokuwa bado bibi harusi, mama mkwe alikuja kututembelea, na akanichukua msituni kuchimba ming'oko. Asiyeujua mng'oko asione haya; watu wa Pwani wengi walikuwa wakitucheka kwa ajili yake. Ni mmea unaotambaa, jani lake lina umbo la moyo, na chini yake ardhini kuna viazi vyembamba vyeupe, unavichemsha kwa chumvi, na mtu wa kusini akivila anasahau deni na msiba. Haupandwi. Unaota wenyewe, kwenye kivuli cha msitu wenye miti ya kila namna, na unachimbwa kwa kijiti kilichochongwa ncha na kukaushwa kwa moto.

Msitu ule ulikuwa na kelele. Hilo ndilo ninalolikumbuka kwanza. Nyenje walikuwa wanalia mpaka masikio yanawasha, mbega wanarukaruka juu, hondohondo wanapita wakipiga mbawa kwa kishindo, na chini majani yanachakurwa na vitu usivyoviona. Niliogopa, lakini kwa namna ya mtu anayeogopa sokoni, kwamba kuna watu wengi mno. Mama mkwe alitembea mbele akiutaja mti mmoja mmoja. Huu mkongo. Huu msandarusi. Huu mvule, ukiuona una kovu la radi ujue njia inakata kushoto. Mti asioujua alichuma jani lake, akalifikicha kwa vidole, akanusa, akaujua. Kila njia ilipogawanyika alivunja kichipukizi na kuligeuza jani lake tumbo juu, weupe uonekane, ili aliye nyuma ajue amepita wapi.

"Watu hupotea kwa kutazama chini," aliniambia. "Tazama miti. Hakuna miwili iliyo sawa."

Akanifundisha na jambo jingine, tulipokuwa tumekaa tunapumzika. Alisema, "Ukiitwa msituni na mtu usiyemwona, usiitike. Akikuita dada, akikuita mama, nyamaza. Hayo majina kila kitu kinayasikia, na kila kitu kinaweza kuyasema. Ngoja usikie jina lako na jina la baba yako. Hapo ndipo uitike."

Nikamuuliza kama vitu hivyo vipo kweli. Alinitazama kama nimemuuliza kama maji yana unyevu.

Basi akarudi kwao, na miaka ikapita. Ule msitu ukakatwa. Mume wangu alikuwa mmojawapo wa waliokata, na sikumlaumu, maana mshahara wake ndio uliotulisha. Mivule na mikongo ilikwenda kwenye misumeno, iliyobaki ikachomwa, moshi ukakaa juu ya nyumba zetu mpaka nguo zikanuka. Nyoka walitukimbilia uani. Kisha wakapanda mitiki, mti kutoka nchi za mbali, wakainyoosha kwa kamba, mstari kwa mstari, kutoka barabara ya magari hadi bondeni. Ikakua upesi. Kabla sijapata mtoto aliyekaa duniani ilikuwa imepita paa la nyumba yetu, na kazi ya mume wangu ikawa kuipogoa, kukata matawi ya chini ili shina linyooke. Aliipenda. Jioni alikuwa akisema "msitu wetu" kama mtu anayesema "ng'ombe wetu", kwa kuwa Bwana Miti ndivyo alivyouita, msitu wa serikali, na kwenye kibao cha barabarani ndivyo ilivyoandikwa.

Mie nilikuwa nimepoteza watoto kabla ya huyo aliyekaa. Wengine walitoka kabla ya wakati, mmoja alivuta pumzi akaziachia. Kwa hiyo alipozaliwa binti akalia, nikamwona ananyonya na kunenepa, sikulala kwa hofu ya kumtazama. Alipewa jina la bibi yake mzaa baba, kama ilivyo desturi, wakawa somo. Na hapo ndipo nilipopatikana, kwa kuwa sasa nilikuwa na mtoto nisiyeweza kumwita. Nilimwita Bibi. Jirani yangu, mama mmoja wa Kizaramo aliyekuwa na mdomo, hakuchoka kunitania.

"Shoga, bibi gani huyo hana hata jino?"

Mama mkwe alipopata habari ya somo wake alipanda meli akaja. Alikuwa amezeeka, mgongo umepinda kidogo, lakini bado alikuwa akitembea kwa kasi. Alimpakata mtoto siku nzima. Usiku wa kwanza, tukiwa tunakula, alimwuliza mwanawe, "Na ule msitu bado upo?"

"Upo, mama," mume wangu akasema, ametabasamu mpaka jino la mwisho. "Mkubwa kuliko zamani. Na umepangika."

Nilikuwa na mdomo umejaa ugali. Nilitaka kusema kitu, lakini mke hamkatizi mumewe mbele ya mama yake, nami nikadhani atauona mwenyewe asubuhi, atacheka, mambo yatakwisha. Yeye alisikia neno msitu na akasikia ming'oko. Mume wangu alisema msitu akiona mitiki. Wote wawili walikwenda kulala wamefurahi.

Asubuhi mume wangu aliondoka alfajiri na lori la kazi, amepelekwa Ubungo kupokea miche. Nikaenda kisimani na mtoto mgongoni, foleni ikawa ndefu. Niliporudi nyumba ilikuwa tupu. Jirani akaniambia amemwona mzee wa nyumbani akipita na kikapu, panga na kijiti chake, amejifunga kaniki kiunoni, anaelekea vilimani, na alipomwamkia shikamoo aliitikia akasema mchana tutakula ming'oko.

"Mbona hukumzuia?" nikamwuliza.

"Nimzuie mie nani? Nilidhani mmekubaliana." Halafu akashusha sauti. "Ila chui juzi kachukua mbwa pale kwa fundi baiskeli. Usimwambie mtu nimekuambia."

Nilipika. Nilifagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Adhuhuri ikaadhiniwa msikiti wa bondeni, mzee hajarudi. Jua likapinda, mawingu ya vuli yakaanza kukusanyika upande wa bahari. Jirani alinisihi nisubiri wanaume warudi kutoka kazini. Lakini nilijua wanaume wakirudi litakuwa giza, na nilijua kilichokuwa kimempata. Ming'oko haioti chini ya mtiki. Hakuna kinachoota chini ya mtiki. Bila shaka aliingia akitafuta lile jani lenye umbo la moyo, hakuliona, akasogea mbele kidogo, hakuliona, akasogea tena, na mzee wa msituni akitafuta ming'oko hatazami nyuma. Nikaifunga mbeleko vizuri, nikachukua fimbo, nikaenda.

Sijui niseme vipi hofu ya mahali pale kwa mtu ambaye hajawahi kusimama ndani yake. Nilivuka njia pana waliyoilima kuzuia moto, nikaingia, na kelele zote zikabaki nyuma yangu. Hapakuwa na nyenje, wala njiwa. Miti ilisimama sawasawa, unene mmoja, urefu mmoja, na kila nilipotazama, mbele, kando, mshazari, palikuwa na ujia mrefu mtupu uliokwenda mpaka macho yanachoka. Chini yalitanda majani makavu ya mitiki, makubwa kama masinia, magumu, na kila hatua yangu ililia kama mtu anayevunja vyungu. Nilisimama. Sauti ya hatua ikaendelea kidogo. Nikajiambia ni mwangwi.

Mume wangu alikuwa amewahi kuniambia, kwa majisifu yake, kwamba huwezi kupotea mle: shika mstari mmoja, usiuache, utatokea kwenye njia ya moto. Nikaushika mmoja. Nikaita, "Mama!" Sauti ikaenda kwenye ujia, ikagonga sijui wapi, ikarudi kutoka upande mwingine, "mama," nyembamba, si yangu tena. Mtoto akashtuka mgongoni.

Kisha nikaona ishara yake. Pembeni mwa mti, kichipukizi kimevunjwa, jani limegeuzwa tumbo juu. Nilitaka kulibusu jani lile. Nikauacha mstari wangu nikalifuata lilikoelekea, nikaona jingine, na jingine. Mbele yake yakawa mengi. Yakawa mengi mno. Kila mti ulikuwa na tawi lililovunjika chini yake, mengine yamelala tumbo juu, mengine mgongo juu, safu kwa safu, mpaka nisikoona mwisho, na ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimeingia mahali mume wangu na wenzake walipokuwa wakipogoa juma lile. Walikuwa wameuandika msitu mzima kwa lugha ya mama yake bila kujua, na haukusema kitu. Niligeuka kutafuta mstari wangu wa kwanza. Sikuujua. Yote ilikuwa mstari wangu wa kwanza.

Hapo nilianza kulia. Sikulia kwa sauti, machozi yalikuwa yanateremka tu huku natembea. Mawingu yalikuwa yamefunika jua, nisiweze kujua hata bahari iko upande gani. Nikaita tena, nikangoja. Na mara hii nikasikia, wala haikuwa mwangwi: majani yanavunjika, mbali kidogo, kushoto kwangu, hatua za kitu kinachoondoka. Nikanyamaza, nazo zikanyamaza. Nikaita. Zikaanza tena, zinakwenda mbali nami. Niliwaza chui. Halafu nikawaza kwamba chui hangeondoka akisikia sauti ya mwanamke mmoja na mtoto mchanga, na wazo hilo halikunisaidia, maana sasa sikujua ni kitu gani.

Nikafuata, kwa kuwa nilishindwa kusimama peke yangu. Nikakuta kijiti chake. Kilikuwa kimelala kwenye majani makavu, kile kile cha kuchimbia, ncha yake safi haijagusa udongo, na pale anapokishikia palikuwa pekundu. Wekundu mbichi. Kando yake jani jekundu, na jingine limesagika, na alama ya vidole vyekundu kwenye gome la mti kwa kimo cha mtu mfupi aliyeegemea.

Niliketi chini. Niliona kila kitu: nikirudi na kijiti, nikimkabidhi mume wangu, uso wake, meli itakayopeleka habari kusini, na watu wa ukoo wakiulizana mke alikuwa wapi. Niliona pia kwamba damu ile ilikuwa bado haijakauka, na aliyeimwaga alikuwa karibu, nami nilikuwa na mtoto anayenukia maziwa. Mtoto alianza kuguna anataka ziwa. Nikamtoa mgongoni nikamweka mbele, nikamziba mdomo kwa ziwa, naye akageuza kichwa.

Sijui ni kwa nini wakati ule ndipo nilipolikumbuka jambo alilonifundisha. Labda kwa sababu nilikuwa nimekaa kama tulivyokaa siku ile. Ukiitwa msituni na mtu usiyemwona, usiitike. Akikuita mama, nyamaza. Nami tangu nilipoingia nilikuwa nimeita nini? Mama, mama, mama. Kama yu hai, kama zile hatua ni zake, alikuwa ananisikia tangu mwanzo na anafanya kama alivyonifunza mie nifanye. Kila nilipomwita nilikuwa namfukuza.

Basi jina. Jina lake na jina la baba yake. Nilikuwa nayajua yote mawili, yalitajwa siku mtoto alipopewa jina, wanaume wakiyarudia kwa sauti huku mie nimeinamisha kichwa kama sipo. Nilimtazama binti yangu. Alikuwa ameacha kuhangaika, ananitazama tu, mdomo uko mbali na ziwa. Amekataa ziwa na bado sijasema neno, je nikisema? Niliwakumbuka wale wengine, na yule aliyevuta pumzi akaziachia. Shangazi hakunieleza mtu afanye nini akilazimika kuchagua kati ya mkwe na mtoto. Kwa shangazi mambo hayo hayakutani.

Ngurumo ikapita juu, mbali. Nikamziba mtoto masikio, kiganja kimoja huku, kingine huku, nikimbana kichwa kifuani, kwa sababu lilikuwa jina lake pia na sikutaka alisikie likitoka kwangu. Nikafungua kinywa. Mara ya kwanza hakikutoka kitu. Mara ya pili nikaliita, jina la mama mkwe wangu, binti wa baba yake fulani, kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

Mwangwi ulilirudisha jina kipande kipande.

"Sema tena," sauti ikasema.

Haikutoka mbali. Ilitoka nyuma ya safu ya pili. Nikasema tena, nalia, nimechanganya jina na kwikwi. Ndipo alipotoka nyuma ya mtiki, kaniki imepanda, kilemba kimemwanguka, panga ameliinua juu ya bega kwa mikono miwili, na viganja vyake vyekundu. Alinitazama mie, akamtazama mtoto, akatazama miguu yangu kuona kama inakanyaga chini. Kisha panga likashuka polepole, naye akashuka nalo, akakaa kwenye majani.

"Nilikuwa nikupige," alisema. "Ungesogea mara moja tu, ningekupiga."

"Mama, umeumia. Damu."

Alitazama viganja vyake kama vya mtu mwingine. "Si yangu. Ni ya miti." Akachuma jani changa kwenye kichipukizi kilichokuwa karibu yake, akalifikicha kwa vidole, na kweli likatoka jekundu, likamtiririka mpaka kwenye kifundo. "Nilitaka kuujua ni mti gani. Nikafikicha, ukatoka damu. Mninga nao hutoka damu, lakini mpaka uukate. Huu nimeugusa tu. Nikaenda mti mwingine, ule ule. Mwingine, ule ule. Mwanangu, nimetembea tangu asubuhi na nimeona mti mmoja."

Sauti yake ilikuwa inatetemeka. Sikuwa nimewahi kumsikia akitetemeka, na hilo ndilo lililonitisha kuliko chui. Nilimwuliza kwa nini hakuniitikia, ingawa nilijua.

"Nilikusikia," akasema. "Lakini mtu akija msituni ndege husema. Mbega husema. Unajua anakuja kabla hajafungua kinywa. Wewe uliita, na hakuna ndege hata mmoja aliyeruka. Nikasema kitu kinachotembea bila kushtua ndege si mtu." Akatazama juu, kwenye matawi matupu. "Sikujua kwamba hakuna ndege wa kushtuka."

Nilimshika mkono. Hilo nalo si la kawaida, mke na mkwe kushikana mikono, lakini hatukuachana. Tukachagua mstari mmoja, wowote, tukaufuata bila kuuacha, yeye akigusa kila mti kwa kidole kana kwamba mmojawapo utambadilikia, mvua ikatukuta, na mwisho tukatokea kwenye njia ya moto, upande ambao sikuutegemea hata kidogo. Ng'ambo ya pili, bondeni, kilikuwa kimebaki kipande cha msitu wa zamani ambacho hawakuwahi kukikata, na ndani yake vyura walikuwa wanapiga kelele kama harusi. Mama mkwe alisimama kwenye mvua akasikiliza. Hakutaka tuondoke.

Mume wangu alirudi akatukuta tumekaa jikoni tunaota moto. Tulipomweleza alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeogopa baada ya jambo kupita.

"Mama, huwezi kupotea mle. Ni mistari mitupu."

"Ndiyo," mama yake akasema. "Ni shamba. Umelima shamba zuri, nimeliona, hata gugu halina. Ila usimwambie tena mtu kwamba ni msitu. Mwingine hatakuwa na mke wa mwanawe wa kumfuata."

Mume wangu alikula, akaosha mikono, akatoka nje akakaa barazani peke yake. Tangu siku hiyo hadi anastaafu alisema "mitiki", akaliacha lile neno.

Lakini mie nilikuwa bado sijatoka mle. Mtoto alikataa ziwa jioni ile. Nikampa upande huu, akageuka. Upande ule, akageuka. Nikambeba nikazunguka naye, nikamwimbia, nikampa tena, akalia. Mama mkwe aliniona.

"Una nini?"

Nikamwambia kila kitu: shangazi, mtama, watoto waliotangulia. Nilimwambia nimemwua mjukuu wake. Alisikiliza bila kunikatiza, na alipomaliza kusikiliza alimchukua mtoto, akamgusa shavu, akamfungua nguo, akampepea.

"Amebanwa kwenye mbeleko mchana kutwa na mama anayetetemeka. Hata wewe ungekataa kula." Kisha akampakata. "Na shangazi yako hakusema uongo. Nami niliambiwa hivyo hivyo, na mama mkwe wangu nilimzika sijamtaja. Lakini jina hili ni langu, na mwenye jina ndiye anayefungua mwiko. Mwite mtoto."

"Siwezi, Mama."

"Ulilitaja kwa kelele mbele ya miti isiyo na masikio. Litaje hapa kwenye moto."

Nilimwinamia binti yangu nikamwita kwa jina lake, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, kwa sauti ndogo kama mtu anayepuliza jicho la mwenzake. Mtoto hakufanya kitu. Alikuwa mchanga, angefanya nini? Lakini mama mkwe, aliyekuwa amempakata na kumtazama, aliinua kichwa haraka.

"Nipo," alisema.

Mtoto alinyonya kabla hatujalala, akanyonya mpaka akapaliwa, na leo ana wajukuu. Mama mkwe alikaa nasi msimu ule wote. Hakurudi vilimani, ming'oko tuliinunua kwa wanawake wa kwetu waliokuwa wakiitoa mbali. Na tangu usiku ule nilimwita binti yangu kwa jina, nikiwa uani, nikiwa kisimani, nikiwa na hasira, na kila nilipoita, kabla mtoto hajageuka, sauti ilitoka ndani ya nyumba, "Nipo." Alikuwa akiitika hata akiwa anakula, hata usingizini, upesi upesi, asije akachelewa nikaacha kuita.